Kabla Ng'ombe Hawajauzwa: HER2 ya 2+ Inasemaje?

Swali: "Salamu daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ahero. Dada yangu mkubwa, miaka 43, alitolewa titi la kushoto mwezi uliopita hapa Kisumu. Ripoti inasema ER hasi, PR hasi, HER2 2+. Ameshaanza kemo, ile nyekundu. Kiti kinachofuata chake hukaa mama mmoja wa Siaya anayetundikiwa Herceptin. Nywele anazo, hatapiki, anapiga hadithi tu. Tulipouliza mbona dada yetu hapewi, tukaambiwa tusubiri kipimo kingine. Nyumbani wameshasema tunazungushwa kwa kuwa hatuna kitu. Harambee ni mwisho wa mwezi, na kaka yetu yuko tayari kuuza ng'ombe wawili. Je, tujinunulie wenyewe ili aanze mara moja? Na ile ya India ya bei nafuu, ni feki?"

Jibu: Mwalimu, poleni sana, na umpe dada pole zangu. Nianze na ng'ombe: wasiuzwe bado. Dawa yenyewe ni nzuri, tena nzuri ajabu, lakini karatasi mliyo nayo haijasema kama ina kazi yoyote ya kufanya mwilini mwa dada yako. Wewe unasahihisha madaftari, kwa hiyo utanielewa: ER na PR, yaani vipokezi vya homoni, zimejibiwa wazi kuwa hasi, lakini HER2 ya 2+ ni kama jibu la mtoto lililoandikwa kwa mwandiko usiosomeka. Huwezi kulitia tiki wala mkasi. Unamwita aje alisome. Ndicho hicho "kipimo kingine" mlichoambiwa. Kosa la waliowahudumia, kama mlivyonieleza, ni neno "subirini", kwa sababu kipimo hicho hakijipeleki maabara. Lazima mtu akiagize, mtu akilipie, na mtu abebe kipande cha nyama kukipeleka.

Nikuweke wazi pia kuhusu mimi. Watu hutuita madaktari, lakini mimi ni mfamasia. Kazi yangu ni kuchanganya dawa hizi kabla hazijatundikwa. Uamuzi wa nani apewe nini ni wa daktari wake wa saratani. Nitakujibu kama mtu anayekishika kichupa kila wiki na anayejua kinachoingia ndani yake, na kinachotoka mfukoni mwa watu.

Juu ya kila chembe hai (seli) ya titi, hata titi lisilo na ugonjwa, kuna vipokezi vinavyoitwa HER2. Kazi yao ni kupitisha ndani amri ya kukua na kugawanyika. Chembe ya kawaida ina nakala mbili za jeni inayovitengeneza, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, na vipokezi vyenyewe huwa makumi ya maelfu. Katika saratani za titi kati ya asilimia 15 na 20 hivi, jeni hiyo hujinakili ovyo ndani ya chembe, na vipokezi huweza kufika hata milioni mbili. Simama stejini Kondele saa kumi na mbili jioni. Matatu yenye makanga mmoja itajaa kwa wakati wake. Sasa iwe na makanga arobaini, wote wanapiga bodi na kupaza sauti, "Twende! Twende!" Dereva ataondoka hata barabara ikiwa imefungwa. Hiyo ndiyo saratani ya HER2 chanya. Inakimbia.

Herceptin, ambayo jina lake la kitaalamu ni trastuzumabu, ni kingamwili: protini ya aina ile ile ambayo miili yetu hutengeneza kupambana na vijidudu, ila hii imeundwa maabara ili ishike kitu kimoja tu, HER2. Ikishakishika, inamziba makanga mdomo. Na kwa kuwa imening'inia pale nje ya chembe, askari wa mwili wanaiona na kujua ni nyumba gani ya kuvamia. Kemo ya kawaida hupiga kila chembe inayogawanyika upesi, ndiyo maana inachukua nywele na kuchubua mdomo. Hii haifanyi hivyo.

Kabla ya dawa hii, kuambiwa una HER2 kulikuwa habari mbaya kabisa. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba wanawake wenye nakala nyingi za jeni hiyo ndio waliokuwa wakirudiwa na ugonjwa upesi na kufa mapema. Kampuni ya Genentech ikatengeneza kingamwili, na Septemba 1998 Marekani ikairuhusu kwa wagonjwa ambao saratani ilikuwa imeshasambaa. Mwaka 2005 yakaja majibu ya wale waliopewa mapema, baada ya upasuaji kama dada yako: ugonjwa uliorudi ulipungua kwa karibu nusu. Walipofuatiliwa miaka 10, kati ya kila wanawake 100 waliopata kemo peke yake, 75 walikuwa hai. Kwa walioongezewa trastuzumabu, 84. Watu tisa katika mia, Mwalimu, ni idadi ya watoto wa dawati tatu darasani kwako. Siwezi kukulaumu kwa kuitamani.

Lakini wanawake hao wote waliingizwa kwa sababu vipimo vyao vilisema HER2 chanya. Swali lako ni la pembeni kidogo, na ni zuri kuliko unavyodhani: je, kwa mtu ambaye kipimo chake kinasitasita, si afadhali apewe tu? Ikimfaa, vizuri. Isipomfaa, basi tumejaribu.

Swali hilo hilo liliwahi kuwasumbua mabingwa. Baada ya majibu ya 2005, sampuli za utafiti mmojawapo, ulioitwa NSABP B-31, zilirudiwa kupimwa katika maabara moja kuu. Wakakuta wanawake ambao kumbe hawakuwa HER2 chanya kabisa. Maabara za kwanza zilikosea. Cha ajabu, hata hao walionekana kana kwamba wamefaidika. Watu wakaanza kunong'ona kwamba labda dawa hii inafaa hata pale HER2 ilipo kidogo. Minong'ono ya aina hiyo huku kwetu ingetosha kuuza boma zima. Wao wakafanya utafiti mwingine, B-47, wenye wanawake 3,270 ambao HER2 yao ilikuwa 1+, au 2+ ambayo kipimo cha pili kilisema hasi. Nusu walipewa kemo peke yake, nusu kemo na trastuzumabu mwaka mzima. Baada ya miaka mitano, walioishi bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 89.2 kwa kemo peke yake, na 89.8 kwa walioongezewa dawa. Hiyo ni sare. Mwaka mzima wa sindano, mwaka wa nauli na kukaa foleni, bila faida yoyote ya kuonekana.

Kwa hiyo yule mama wa Siaya hajapewa upendeleo, na dada yako hajanyimwa. Yeye kipimo chake kitakuwa kilisema 3+, au 2+ ikafuatwa na chanya. Naelewa kwa nini nyumbani wanafikiri vinginevyo. Tumezoea kwamba mwenye pesa ndiye hupewa kizuri, na mara nyingi hatukosei. Hapa mmekosea.

Sasa twende kwenye hiyo 2+, maana hapo ndipo pesa yenu inapohitajika.

Kipande cha titi kikitolewa hutumbukizwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama, kisha kinagandishwa ndani ya nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko unyoya, na kupakwa rangi inayonasa HER2 peke yake. Mpatholojia anatazama kwa hadubini. Penye HER2 nyingi kila chembe huzungukwa na mstari mzito wa kahawia, pande zote, unaona kitu kama wavu wa kuku. Hiyo ni 3+. Pasipo na kitu, au penye ukungu hafifu tu, ni 0 au 1+. Katikati kuna chembe zenye mstari uliozunguka kweli lakini umefifia, kama kalamu inayoishiwa wino. Hiyo ni 2+. Mpatholojia mwaminifu hatalazimisha; ataandika 2+ na chini yake mstari mmoja unaoshauri kipimo cha jeni. Tafuta mstari huo kwenye ripoti yenu. Mara nyingi upo, kwa herufi ndogo, na familia haikuambiwa maana yake.

Kipimo chenyewe kinaitwa FISH. Msicheke, hakihusiani na samaki mbuta wa Dunga. Badala ya kutazama rangi kwa jicho, wanahesabu nakala za jeni ya HER2 ndani ya chembe, moja moja, na kuzilinganisha na idadi ya kromosomu namba 17 ambamo jeni hiyo inakaa. Jeni zikiwa mara mbili au zaidi ya kromosomu, na kwa wastani nne au zaidi katika chembe, jibu ni chanya. Ipo aina yake nyingine isiyohitaji hadubini ya mwanga maalumu, na zote zinakubalika. Ripoti nyingi za 2+ hurudi hasi. Lakini si zote, na ndiyo maana siwezi kukwambia ukate tamaa wala ushangilie.

Kipimo hiki hakifanywi katika kila maabara. Kwa watu wa huku kwetu, mara nyingi ile nta husafirishwa hadi Nairobi. Mambo mawili ya kuuliza maabara iliyotoa ripoti. Kwanza, waulize bloku, yaani ile nta yenye nyama, iko wapi na kama inaweza kutumwa moja kwa moja kutoka maabara hadi maabara. Nyama iliyo ndani ya nta haiozi na haihitaji barafu, hukaa miaka. Mkipewa mkononi, isiachwe juu ya dashibodi ya matatu jua la saa saba. Ni nta, na jua la Kisumu mnalijua. Pili, na hili watu hawaulizi, muulize aliyekuwa na dada siku ya upasuaji: nani alibeba mkebe, na nyama ilikaa muda gani kabla ya kumwagiwa formalini? Nasema hivyo kwa sababu katika hospitali nyingi ni ndugu ndio hupewa mkebe wapeleke maabara ya nje kwa boda. Nyama inatakiwa iingie kwenye formalini ndani ya saa moja, formalini iwe nyingi, mara kumi ya nyama, na ikae humo angalau saa sita na isizidi sabini na mbili. Ikikaa kavu nusu siku, au ikisahauliwa Ijumaa hadi katikati ya wiki inayofuata, rangi hufifia, na 3+ inaweza kuonekana 2+ au chini yake. Kama mnakumbuka jambo kama hilo, mwambieni daktari. Na kama alichomwa sindano ya kuchukua sampuli kabla ya upasuaji, kile kipande cha kwanza pia kinaweza kupimwa. Vipande vidogo vya sindano mara nyingi hulowa formalini vizuri kuliko titi zima.

Utauliza: na wakati wote huo dada anapoteza muda? Hapana, na hapa bahati iko upande wenu. Kemo nyekundu aliyoanza, dokisorubisini, haichanganywi na trastuzumabu. Walijaribu zamani, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wagonjwa 27 katika 100 waliopewa zote mbili pamoja walipata matatizo ya moyo. Tangu hapo, nyekundu humalizwa kwanza, na kingamwili huanza na dawa inayofuata, kwa kawaida paklitakseli. Kama dada amepangiwa nyekundu mara nne kila baada ya wiki tatu, mna kama wiki kumi na mbili tangu siku aliyoanza. Hata kama leo mngekuwa na dawa mezani, isingetundikwa. Lakini wiki kumi na mbili si nyingi kwa namna mambo yetu yanavyokwenda, kwa hiyo mwulizeni daktari fomu ya FISH kwenye kliniki hii ijayo, msingoje harambee.

Nimetaja moyo, nisipite haraka. Misuli ya moyo nayo ina HER2, inaitumia kujikarabati. Ukiiziba, kwa baadhi ya watu nguvu ya moyo ya kusukuma damu hupungua, mara nyingi bila dalili mwanzoni. Kwa wengi hurudi dawa ikisimamishwa. Ndiyo maana kabla ya dozi ya kwanza lazima eko ya moyo, picha ya kupima nguvu hiyo ya kusukuma damu, na baadaye kila miezi mitatu. Asilimia inayosomwa kwenye eko ikishuka sana, tunasimama. Mtu anayejinunulia dawa dukani na kumtafuta muuguzi wa kumtundikia nyumbani anaruka yote hayo. Na kama HER2 yake kumbe ni hasi, basi amenunua hatari ya moyo peke yake, bila kitu kingine ndani ya kifurushi.

Sasa kuhusu India. Hapana, si feki kwa sababu ni ya India. Protini hizi zinatengenezwa na chembe hai ndani ya mapipa makubwa, kwa hiyo kampuni ya pili haiwezi kunakili kama inavyonakili panado. Inatengeneza dawa inayofanana nayo sana, kisha inatakiwa ionyeshe kwa vipimo na kwa wagonjwa kwamba inafanya kazi sawa. Tunaziita dawa mfanano. Biocon ya Bengaluru pamoja na Mylan walipata kibali cha Marekani kwa trastuzumabu yao Desemba 2017, na Shirika la Afya Duniani likaanza kuziidhinisha dawa mfanano za trastuzumabu Desemba 2019. Mimi nachanganya za aina zote mbili, na kama ingekuwa dada yangu, ningechukua mfanano uliosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu bila kupepesa jicho.

Kisa cha feki ninachokikumbuka zaidi kilikuwa cha Herceptin halisi, na kilikuwa Ulaya. Mwaka 2014 vichupa vilivyoibwa hospitalini Italia viliingizwa tena sokoni na kukutwa hadi Uingereza, Ujerumani na Finland. Baadhi vilikuwa na maji ndani, ilhali dawa hii hutoka kiwandani ikiwa unga mweupe. Jina la kampuni kubwa kwenye boksi halikuwasaidia. Cha kuuliza ni kichupa kimepitia mikono ya nani hadi kufika kwako.

Na hapo nina kinyongo changu. Miaka michache iliyopita familia moja ilinijia asubuhi na mfuko wa nailoni. Ndani, taulo, ndani ya taulo, kasha la kuhifadhia baridi lenye barafu iliyokuwa imeshakuwa maji ya uvuguvugu, ndani ya maji, boksi la trastuzumabu limelowa hadi maandishi yanatoka. Walikuwa wameinunua Nairobi kwa muuzaji aliyewaambia "haina shida, barafu inatosha", na ikasafiri usiku kucha chini ya basi, kwenye buti. Dawa hii inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 tangu kiwandani hadi kwenye mshipa. Ikipata joto kwa muda mrefu, protini hukunjuka, na unga unabaki mweupe vile vile. Huwezi kuona, huwezi kunusa. Niliwaambia sitaichanganya. Mzee alinitazama tu, akaniuliza kama najua ameuza nini. Sikumuuliza, sikutaka kujua. Muuzaji hakurudisha hata shilingi. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia familia inataka "kujinunulia", ninachoona mbele yangu ni lile taulo.

Hata nikiwa na kichupa kizuri, kuna namna. Namwaga maji yake polepole ukutani mwa kioo, nakizungusha kwa vidole, sikitikisi. Ukikitikisa kinatoa povu kama la sabuni, na povu hilo ni protini inayoharibika. Kisha nakiacha kitulie dakika tano. Kinaingia kwenye maji ya chumvi, kamwe si ya glukosi. Dozi ya kwanza huhesabiwa miligramu 8 kwa kila kilo ya mwili, zinazofuata miligramu 6, kila wiki tatu. Dada akiwa na kilo 62, ya kwanza ni miligramu 496 na zinazofuata 372. Ya kwanza hutundikwa dakika tisini, na wengine hupata homa na kutetemeka siku hiyo, hutulizwa na dawa, halafu hawaoni tena. Kichupa cha miligramu 440 kilichofunguliwa kwa maji yake maalumu kinaweza kukaa kwenye friji siku 28, kwa hiyo hospitali inayowapanga wagonjwa siku moja haimwagi kitu. Anayejinunulia peke yake hulipia hata kinachobaki.

Kuhusu gharama, kama FISH itarudi chanya, msianze na ng'ombe, anzeni na SHA, bima ya afya ya serikali. Dozi moja ilikuwa ikihesabiwa shilingi 120,000. Kwa dozi 18 za mwaka, piga hesabu: milioni 2.16. Mwaka 2025 Wizara ya Afya, SHA na kampuni ya Roche walikubaliana bei ishuke hadi shilingi 40,000 kwa dozi, nazo zilipwe na SHA, katika hospitali zilizo kwenye mpango. Kwa hiyo hakikisheni dada amesajiliwa, mchango wake wa mwaka umelipwa, na mwulize ofisi ya SHA ya hospitali mambo matatu: kama hospitali yenu imo, kama sivyo ipi iliyo karibu imo, na kiasi gani cha kifurushi chake cha saratani kimebaki baada ya upasuaji na kemo. Kifurushi kina kikomo cha mwaka kwa kila kaya, na watu hukigundua wakiwa wameshavaa kanula. Mkielekezwa Eldoret au Nakuru badala ya "Russia", hospitali yetu ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu, nauli ya kila wiki tatu kwa mwaka mzima na mahali pa kulala ndiyo harambee yenu ya kweli. Hizo SHA hailipi.

Na ikitokea njia ikakatika katikati, msione kama mmemwaga maji. Utafiti wa Uingereza uitwao PERSEPHONE, wenye wagonjwa zaidi ya 4,000, ulilinganisha miezi sita na miezi kumi na miwili. Baada ya miaka minne, walioishi bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 89.4 dhidi ya 89.8. Mwaka mzima bado ndio mpango wa kawaida na ndio wa kulenga, lakini dozi tisa si bure. Ninakwambia hili ili msije mkakopa kwa riba dozi ya kumi na tano.

Ikirudi hasi, basi dada ana saratani wanayoiita hasi tatu: haina vipokezi vya homoni, haina HER2. Hiyo huonekana zaidi kwa wanawake wa Kiafrika kuliko kwa Wazungu, na silaha yake kubwa ni hii hii kemo anayopewa sasa. Kwa hiyo uzito wote utahamia kwenye kuimaliza kwa ratiba: damu yake ipimwe mapema kabla ya kila dozi, asikose tarehe kwa sababu ya nauli au mazishi, akipata homa aende hospitali usiku ule ule, asingoje asubuhi. Pesa ya ng'ombe mmoja hapo ina kazi nyingi. Kuna pia dawa mpya, trastuzumabu iliyofungwa pamoja na sumu ya kemo mgongoni, ambayo tangu 2022 imeonyesha faida hata kwa HER2 ndogo ya 1+ au 2+ hasi. Lakini ni kwa ambao ugonjwa umeshasambaa, na dada yako hayuko huko. Mkiisikia redioni msidhani ni hii tunayozungumzia.

Na lile la nywele. Herceptin haikuzirudisha nywele za yule mama wa Siaya, na kemo ilimchukua zake kama inavyomchukua dada yako. Nadhani alishamaliza kemo miezi kadhaa iliyopita, na sasa yuko kwenye kingamwili peke yake, ndiyo maana anapiga hadithi. Siku ya kliniki, dada amwombe amwonyeshe picha zake za wakati wa nyekundu. Wengi huzihifadhi kwenye simu.